Boti za kasi, mawimbi na kingo zinazoliwa: Kisa cha ziwa Windermere

Na Mwandishi Wetu

Tangu Machi 29, 2005, boti ya injini inayosafiri kwenye ziwa Windermere, kaskazini magharibi mwa England, hairuhusiwi kuzidi mwendo wa maili 10 kwa saa. Ni mwendo ambao mtu mzima aliyepanda baiskeli bila haraka anaufikia bila kutoka jasho.

Sheria hiyo ndogo ilipiganiwa kwa zaidi ya miaka 10, ikasifiwa na wengine na kulaaniwa na wengine. Hadi leo hutajwa kila panapozuka mjadala wa boti za starehe, mawimbi yake na kingo za maziwa zinazomomonyoka. Wanaoitaja aghalabu huwa na hoja moja: punguza mwendo, mawimbi yatapungua, na kingo zitapona.

Hoja hiyo ni nusu ya ukweli. Boti haizalishi mawimbi kwa kadiri ya mwendo wake peke yake, na kwa boti ndogo ya mita 6, kama zile zinazojaa kwenye maziwa ya starehe wakati wa kiangazi, mwendo wa maili 10 kwa saa uko ndani ya kiwango kinachozalisha mawimbi makubwa kuliko yote ambayo boti hiyo inaweza kuyazalisha.

Windermere ndilo ziwa kubwa la asili katika England yote, ingawa msomaji aliyezoea Ziwa Victoria anaweza kucheka akielezwa hivyo. Urefu wake ni takriban kilomita 17, upana wake katika sehemu pana hauzidi sana kilomita moja na nusu, na eneo lake lote halifiki kilomita za mraba 15. Lina kina kinachozidi mita 60. Limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Lake District, iliyoanzishwa mwaka 1951 na kuingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2017.

Ziwa hilo lina historia ndefu ya kasi. Juni 13, 1930, Sir Henry Segrave aliweka hapo rekodi ya dunia ya mwendo juu ya maji kwa wastani wa maili 98.76 kwa saa akiwa na boti iliyoitwa Miss England II. Siku hiyohiyo, katika mkondo mwingine, boti hiyo ilipinduka. Fundi wake, Victor Halliwell, alifariki, naye Segrave akafariki saa chache baadaye.

Enzi za Segrave kasi ilikuwa ya watu wachache wenye fedha. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mambo yalibadilika. Boti za plastiki ngumu zilishuka bei, injini za kufunga nyuma zikawa nyepesi na zenye nguvu, na mchezo wa kuburutwa na boti kwa skii ukapata wapenzi wengi. Maziwa mengine makubwa ya eneo hilo, yaani Coniston, Ullswater na Derwentwater, yaliwekewa mipaka ya mwendo mapema. Windermere likabaki kimbilio la waliofukuzwa kwingine.

Mabishano yaliyofuata yalikuwa makali. Kwa upande mmoja walisimama wapanda makasia, wenye vyombo vya tanga, waogeleaji na watu waliokwenda milimani kutafuta utulivu. Kwa upande wa pili walikuwepo wenye shule za skii, wauza boti, mafundi na wenye nyumba za wageni, ambao kwao kelele ile ndiyo iliyokuwa mshahara.

Uchunguzi wa hadhara ulifanyika katikati ya miaka ya 1990, na aliyeuongoza akapendekeza sheria ipitishwe. Mwaka 1996 Serikali ilikataa pendekezo hilo. Baadaye suala likarejeshwa mezani, Serikali iliyofuata ikaidhinisha sheria hiyo mwaka 2000, na ukatolewa muda wa mpito wa miaka 5 ili wenye biashara wajipange. Muda ulipokwisha mwaka 2005, skii ya kuburutwa ikafikia mwisho Windermere, kwa kuwa mtu mzima hawezi kusimama vizuri juu ya skii kwa maili 10 kwa saa. Hata wiki ya kila mwaka ya kuvunja rekodi za boti ikahamia ziwa jirani la Coniston, ambako hupewa ruhusa maalumu.

Inafaa kukumbuka sheria ile ilijengwa juu ya nini. Nchini humo kuna kanuni iliyotokana na kamati ya Lord Sandford ya mwaka 1974, ambayo baadaye iliingizwa katika Sheria ya Mazingira ya mwaka 1995. Inaelekeza kwamba pale uhifadhi na burudani vinapogongana ndani ya hifadhi ya taifa na upatanishi ukashindikana, uhifadhi upewe uzito zaidi. Hoja kuu za Windermere zilikuwa utulivu na usalama: kelele za injini, na hatari ya kuchanganya boti za kasi na watu walio ndani ya mitumbwi. Kwa malengo hayo mawili, maili 10 kwa saa ni kipimo kinachoeleweka. Kwa kinga ya kingo, ni kipimo cha kubahatisha.

Sababu yake imo katika tabia ya maji yenyewe. Chombo kinapotembea hutengeneza wimbi linaloanzia omo, na wimbi hilo husafiri pamoja nacho kwa mwendo uleule. Wimbi la majini lina sharti lake: likitaka kwenda haraka zaidi, halina budi kuwa refu zaidi, yaani umbali kutoka kilele kimoja hadi kingine uongezeke.

Kwa mwendo wa kilomita 11 kwa saa, umbali huo ni takriban mita 6. Maana yake ni kwamba boti ya mita 6 ikifikia mwendo huo, omo yake inakuwa juu ya kilele kimoja na tezi yake juu ya kilele kinachofuata. Imekaa vizuri, kama mtu aliyelala kwenye kitanda kinachomtosha.

Nahodha akiongeza mwendo kidogo, kitanda kinarefuka. Kilele cha pili kinaachwa nyuma, tezi inazama ndani ya bonde la wimbi, na omo inaelekea angani. Boti sasa inapanda mlima ambao imeujenga yenyewe. Injini inanguruma, mafuta yanakwenda kwa wingi, na nguvu yote hiyo inaishia kwenye maji kwa sura ya mawimbi makubwa. Kwa maili 10 kwa saa urefu wa wimbi unakuwa kama mita 13, zaidi ya mara mbili ya urefu wa boti yetu.

Yeyote aliyepata kusafiri kwa boti ya injini anaijua hali hiyo hata kama hajui jina lake. Ni ule muda ambao abiria wa mbele hawaoni wanakokwenda na wa nyuma wanahisi maji yanakaribia kuingia.

Akiendelea kuongeza mwendo, jambo lingine hutokea. Boti zenye umbo linalofaa hunyanyuka, zikaanza kuteleza juu ya maji badala ya kuyasukuma. Omo inashuka, sehemu ndogo tu ya chombo ndiyo inayogusa maji, na mawimbi yanapungua kimo. Ndiyo maana boti inayokwenda kilomita 40 kwa saa inaweza kuacha nyuma wimbi dogo kuliko ileile ikienda kilomita 18.

Hapa nisieleweke vibaya. Boti ya kasi si rafiki wa ukingo. Haiwezi kufika kwenye mwendo wa kuteleza bila kuupitia kwanza ule mwendo mbaya wa kati, na hulazimika kuupitia tena kila inapopunguza. Boti ya skii inayoanguka na kumwinua mtu wake mara kwa mara karibu na ufukwe hufanya hivyo mchana kutwa. Ila anayedhani kwamba kila kilomita anayoipunguza ni zawadi kwa ukingo anajidanganya, hasa akiipunguza kutoka 40 hadi 18 na kuishia hapo.

Ukubwa wa chombo nao una neno lake. Meli ya abiria yenye urefu wa mita 40, ikienda maili zilezile 10 kwa saa, iko mbali na kizingiti chake, kwa kuwa wimbi la mita 13 kwake ni fupi. Hukata maji kwa utulivu kuliko mtu anavyotarajia kwa kuitazama. Hivyo sheria moja, kwa mwendo mmoja, kwenye ziwa moja, inatoa matokeo tofauti kabisa kwa vyombo viwili.

Kinachofanya kazi ya kubomoa si kimo cha wimbi peke yake bali nishati iliyomo ndani yake. Nishati hiyo hukua kwa mraba wa kimo: wimbi la sentimita 40 hubeba mara 4 ya nishati ya wimbi la sentimita 20. Aidha, wimbi refu hugusa chini zaidi. Mtikisiko wake hufika kina kinacholingana na nusu ya urefu wake, kwa hiyo wimbi la mita 6 linaweza kulitikisa tope lililo mita 3 chini, mahali ambapo viwimbi vya upepo mdogo havifiki.

Tena mawimbi hayo hayachoki upesi. Kwa hesabu za kinadharia za maji ya kina kirefu, wimbi kuu la chombo hupungua polepole sana: umbali ukizidishwa mara 8, kimo chake hushuka kwa nusu tu. Boti inakuwa imekwisha kupotea nyuma ya kona, nahodha wake anafikiria chakula cha mchana, ilhali wimbi lake bado liko njiani kuelekea ufukweni.

Donald Campbell alifariki kwenye ziwa Coniston Januari 4, 1967, boti yake ya Bluebird K7 ilipopaa na kupinduka ikiwa katika mwendo unaozidi maili 300 kwa saa. Miongoni mwa mambo yaliyotajwa na waliochunguza ajali hiyo ni kwamba alianza mkondo wa kurudi mapema, kabla maji aliyoyachafua mwenyewe katika mkondo wa kwanza hayajatulia. Wengine wanabishana kuhusu uzito wa sababu hiyo. 

Wimbi linapofika ukingoni hupiga chini, kwenye mguu wa ukingo. Udongo wa chini unaondolewa kidogo kidogo, wa juu unabaki umening'inia kwa mizizi, na siku moja kipande kizima kinaanguka. Mti unaosimama hapo huonyesha mizizi yake kwanza, kisha huinama, kisha huanguka. Udongo ulioanguka husambaa majini, hupunguza mwanga unaofikia mimea ya chini, na huweza kuachia fosforasi iliyokuwa imetulia kwenye tope.

Watetezi wa boti hujibu kwamba upepo nao hupiga mawimbi, tena usiku na mchana, bila leseni. Jibu hilo lina uzito. Katika ufukwe ulio wazi, ambako upepo unavuma juu ya kilomita nyingi za maji kabla ya kuufikia, mawimbi ya asili huweza kuyafunika kabisa yale ya boti. Fukwe za namna hiyo zimekwisha kuzoea: udongo laini uliondoka karne nyingi zilizopita na mawe ndiyo yaliyobaki.

Tatizo liko kwenye ghuba zilizojificha, nyuma ya visiwa na katika sehemu nyembamba. Huko upepo haupati nafasi ya kujenga wimbi, na ndiyo maana udongo laini na matete vikaweza kukaa. Ukingo wa namna hiyo haukuwahi kupigwa na wimbi la sentimita 30, na boti moja inayotafuta mahali patulivu pa kucheza inaweza kuuletea mawimbi hayo mara 20 kwa mchana mmoja. Windermere, pamoja na wembamba wake na visiwa vyake vya katikati, lina ghuba nyingi za aina hiyo.

Matete ya Windermere yamepungua sana ukilinganisha na zamani. Lingekuwa kosa kuzitwika boti mzigo wote. Bata bukini wanaokula machipukizi, mifugo, miguu ya wageni, ujenzi wa gati na mabadiliko ya ubora wa maji vyote vinatajwa. Vilevile rangi ya kijani ya mwani iliyozua kilio cha umma mwaka 2022 haikutoka kwenye injini; fosforasi ya maji taka ndiyo mshtakiwa mkuu. Hata hivyo, tete lililodhoofika kwa sababu yoyote ile ndilo la kwanza kung'olewa na wimbi, na likiondoka, ukingo uliokuwa nyuma yake hupokea pigo lote.

Baadhi ya wenye viwanja hukimbilia kujenga ukuta wa mawe au saruji. Ukuta hulinda kiwanja cha mwenyewe kwa muda, lakini haulimezi wimbi, hulirudisha. Maji yanayorudi huchimba chini ya ukuta na kumhangaisha jirani. Matete, kwa upande wake, huinama na kuila nishati ya wimbi taratibu. Ndiyo maana kwenye Windermere zimefanyika juhudi za kuweka uzio mbele ya matete ili kuyapa nafasi ya kurudi.

Mjadala huu umepata sura mpya nchini Marekani, ambako mchezo wa kuteleza juu ya wimbi la boti bila kushika kamba umeenea sana. Boti za mchezo huo zina matangi yanayojazwa maji, wakati mwingine zaidi ya tani moja, ili tezi izame kwa makusudi. Kisha huendeshwa kwa takriban maili 10 hadi 12 kwa saa. Hakuna aliyekosea hapo: wabunifu wake walitafuta mwendo unaotoa wimbi kubwa kuliko yote, wakafika palepale ambapo sheria ya Windermere imeweka kikomo.

Chuo Kikuu cha Minnesota kilipima boti 4 kwenye ziwa na kutoa matokeo mwaka 2022. Boti mbili zilikuwa za mchezo huo na mbili za kawaida. Ilibainika kwamba boti za mchezo huo zinahitaji zaidi ya futi 500, yaani mita 150 na ushei, ili mawimbi yake yapungue na kufikia kiwango ambacho boti za kawaida hufikia kwa futi 200. Mwaka 2025 watafiti wa chuo hicho, wakiangalia sakafu ya ziwa, walipendekeza boti hizo zitumike kwenye kina cha futi 20 au zaidi.

Jimbo la Vermont lilichukua hatua mwaka 2024. Kanuni zake zinataka boti za kutengeneza mawimbi zikae angalau futi 500 kutoka ufukweni, kwenye kina kisichopungua futi 20, na mahali penye eneo la kutosha linalokidhi masharti hayo. Kanuni hizo zinataja umbali na kina, vitu viwili ambavyo sheria ya Windermere haikuvigusa.

Katika Minnesota kuna pia maeneo ya mwendo usio na wimbi. Sheria inautafsiri kuwa ni mwendo mdogo kabisa unaomwezesha nahodha kuongoza chombo, na kwa vyovyote usizidi maili 5 kwa saa.

Kwa nini basi watunga sheria wengi hung'ang'ania mwendo? Jibu ni la kawaida: mwendo hupimika. Askari wa ziwa anaweza kuusoma akiwa mbali na kuupeleka mahakamani kama ushahidi. Kimo cha wimbi hubadilika kwa kila mita, huchanganyika na upepo na mawimbi ya vyombo vingine, na mshtakiwa atasema halikuwa lake.

Hata hivyo, inawezekana. Kwenye mto Gordon, katika kisiwa cha Tasmania nchini Australia, meli za watalii zilikuwa zikibomoa kingo za msitu wa kale. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba mawimbi yanapozidi takriban sentimita 30 hadi 35, hata udongo mgumu zaidi huanza kuondoka. Masharti ya huko yakaja kuzingatia wimbi linalozalishwa na meli yenyewe, baada ya meli hiyo kupimwa, badala ya mwendo pekee. Lakini mto ule una meli chache zinazojulikana kwa majina. Ziwa la starehe lina boti nyingi, na nyingi ni za mgeni aliyefika Jumamosi na kuondoka Jumapili.

Windermere lenyewe linayo tayari kanuni iliyo karibu zaidi na haja ya kingo, nayo ni ya zamani kuliko ile iliyozua ugomvi. Katika sehemu tatu za ziwa, upande wa juu, wa katikati na wa chini, kikomo ni maili 6 kwa saa. Boti yetu ya mita 6 ikienda mwendo huo inabaki chini ya kizingiti chake, omo imelala, na wimbi linalofika kwenye matete ni dogo. Nje ya sehemu hizo, nahodha anayekwenda maili 9 kwa saa mita 30 kutoka ufukweni, tezi ikiwa imezama na mlima wa maji ukimfuata nyuma, hajavunja sheria ya mwendo.